Stockholm: Meli ya Mfalme Ilizamishwa na Wapambe!

Kila anayerudi kutoka Stockholm ana wimbo ule ule. Mji mzuri, mji msafi, visiwa 14 vilivyounganishwa kwa madaraja, watu wapole wasiopiga kelele. Kisha anamalizia kwa hekima yake ya kijiweni: wenzetu Waswidi wameendelea kwa sababu ni watulivu, hawabishani na wakubwa wao.

Ndugu msomaji, huo ni uongo wa mchana kweupe! Aliyesema hivyo alikwenda kupiga picha, mji hakuuona.

Wewe kijana ukibahatika kufika, anzia Gamla Stan, mji mkongwe. Kahawa ya pale itakutoboa mfuko, achana nayo. Simama katikati ya uwanja wa Stortorget. Mwezi Novemba 1520, Mfalme Christian wa Pili wa Denmark, aliyeuteka mji kwa kuahidi msamaha kwa wapinzani wake, aliwaalika wakubwa wa Sweden kwenye sherehe za kutawazwa kwake. Walikula, walikunywa. Kisha milango ikafungwa. Watu 80 hivi, pengine zaidi, waliuawa: maaskofu wawili, makabaila, wafanyabiashara. Je, Waswidi walitulia? Thubutu! Kijana Gustav Vasa, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliokatwa vichwa, aliongoza uasi, na mwaka 1523 akawa mfalme.

Lakini kiti cha enzi ni kitamu. Karne moja baadaye alikikalia mjukuu wake, Gustav Adolf wa Pili, na sasa waliomzunguka walikuwa wamejifunza neno moja tu: "Ndiyo mzee!"

Panda boti uende kisiwa cha Djurgården. Pale lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1990, na ndani yake meli nzima ya mbao yenye urefu wa meta 69. Ndiyo Vasa. Watalii wanatembea wakishangaa sanamu za simba zilizochongwa. Wewe usishangae simba, angalia umbo la meli. Juu nzito, chini nyembamba. Mfalme alitaka fahari, akaidhinisha vipimo, ikabebeshwa mizinga 64 katika sitaha mbili. Fundi mkuu, Mholanzi Henrik Hybertsson, alifariki mwaka 1627 kabla kazi haijaisha. Mfalme mwenyewe alikuwa mbali, vitani na Poland, akituma barua za kuharakisha.

Sasa sikia. Kabla ya safari waliipima. Mabaharia 30 waliambiwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mara tatu tu, meli ikayumba vibaya. Mkubwa wa jeshi la majini aliyekuwapo, Klas Fleming, alifanya nini? Aliamuru mbio zisimame! Jaribio likaachwa, meli ikaachwa vile vile. Nani angemwandikia mfalme kwamba meli yake haifai?

Tarehe 10 Agosti 1628 watu walijaa ufukweni kuangalia. Vasa ikatweka matanga, ikaenda meta 1,300 hivi. Upepo mdogo ukavuma, ikalala ubavu, maji yakaingia kupitia madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Ikazama mbele ya mji mzima. Watu wapatao 30 walikufa, na hawakuzama bahari kuu wala kwa mzinga wa adui. Walizama mbele ya macho ya jamaa zao.

Bila shaka tume iliundwa! Nahodha akakamatwa, mafundi wakahojiwa. Mmoja alipoulizwa kosa ni la nani, alijibu kuwa Mungu peke yake ndiye ajuaye. Kila njia ya ushahidi ilielekea kwa mfalme aliyeidhinisha vipimo na kwa mkubwa aliyesimamisha jaribio. Mwisho wake? Hakuna aliyeadhibiwa. Meli ikakaa matopeni miaka 333 hadi ilipoinuliwa mwaka 1961.

Huo ndio utulivu mnaotusifia?

Kilichoubadilisha mji huu ni watu kukataa siri za wakubwa. Mwaka 1766 bunge lao lilipitisha sheria ya uhuru wa kuchapisha, na ndani yake haki ya mwananchi kusoma nyaraka za serikali. Haikuwa zawadi ya mfalme. Gustav wa Tatu alipojitwalia madaraka mwaka 1772 aliibana, na ilibidi ipiganiwe tena baada yake.

Mwaka 1995 magazeti yakafukua risiti za Mona Sahlin, Naibu Waziri Mkuu, aliyekuwa anatazamiwa kuwa Waziri Mkuu. Alikuwa ametumia kadi ya serikali kwa manunuzi binafsi, ikiwamo chokoleti ya Toblerone. Alijitetea kwamba fedha alizirudisha. Haikusaidia, akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Wapo wanaocheka kwamba Waswidi walipiga kelele kwa ajili ya chokoleti. Wacheke tu. Mimi naona waliwakumbuka mabaharia 30.

Kwa hiyo kijana, ukishatoka Djurgården, usirudi hotelini kupanga picha. Ingia ofisi yoyote ya umma pale mjini, uombe kuona waraka wao usiokuwa wa siri kisheria. Kwa kawaida hawaruhusiwi kukuuliza wewe ni nani, wala waraka unautakia nini.