Sweta ya Zawadi Ianze na Kipande cha Majaribio

Katika nyanda za juu zenye baridi, kuanzia Njombe na Mufindi hadi Limuru, sweta iliyofumwa kwa mkono kwa ajili ya mtoto, mzazi au rafiki ni miongoni mwa zawadi zenye heshima kubwa, kwa sababu anayeipokea anajua kwamba kila kitanzi kilipita kwenye vidole vya aliyemkumbuka. Nyingi kati ya sweta hizo hufumwa kwa uzi wa akriliki, yaani uzi wa kiwandani unaotokana na kemikali za petroli, ambao bei yake ni nafuu, hustahimili kufuliwa mara kwa mara, na sehemu iliyokosewa hufumuliwa na kufumwa upya bila shida.

Hali huwa tofauti kabisa pale mfumaji anapoletewa uzi mwororo asiouzoea, kama vile moheri, ambao hutokana na manyoya ya mbuzi wa Angora, aina ya mbuzi yenye asili ya Uturuki ambayo leo hufugwa kwa wingi Afrika Kusini na Lesotho. Manyoya ya mbuzi wachanga yakisokotwa pamoja na hariri hutoa uzi mwembamba mno, kiasi kwamba kibonge cha gramu 25 huweza kuwa na zaidi ya mita 200. Vinyweleo vinavyochomoza kando ya uzi huo huipa nguo wepesi na joto, lakini vinyweleo hivyohivyo hunasana kati ya kitanzi na kitanzi, na mfumaji anayejaribu kufumua kosa kwa pupa huishia kukata uzi.

Kwa hiyo, anayemfumia mwenzake kwa uzi wa namna hiyo ana wajibu wa kufuma kwanza kipande cha majaribio, yaani mraba unaozidi kidogo sentimita 10 kila upande, kwa sindano na mtindo utakaotumika kwenye sweta yenyewe, kisha akioshe, akikaushe na ndipo ahesabu vitanzi. Sweta yenye mzunguko wa kifua wa sentimita 100, ikiwa kipimo chake ni vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, huhitaji vitanzi 220. Lakini mfumaji ambaye mkono wake umelegea akapata vitanzi 20 tu katika nafasi hiyo, atajikuta na sweta ya sentimita 110, kwa kosa ambalo halikuonekana kwa macho alipokuwa akifuma.

Kipande hicho kina kazi nyingine iliyo muhimu zaidi, nayo ni kuijaribu ngozi ya mvaaji. Unywele unaozidi takribani maikroni 30, maikroni ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya mita, huichoma ngozi badala ya kuibembeleza, na manyoya ya mbuzi mzee wa Angora huweza kuvuka kiwango hicho. Kwa mtoto mchanga, ambaye hutia kila kitu mdomoni, uzi unaopukutisha vinyweleo haufai hata ukiwa mwororo namna gani, na mfumaji mwenye busara atamchagulia pamba.

Wapo wanaolalamika kwamba majaribio hupoteza uzi wa bei ghali na kuchelewesha zawadi. Malalamiko hayo yanaeleweka, ila hasara ya mraba mdogo haiwezi kulinganishwa na hasara ya sweta nzima isiyovalika, tena anayeipata hasara hiyo ya pili ni mpokeaji, ambaye adabu humlazimisha kushukuru na kunyamaza. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo huo haukamiliki iwapo mtoaji alijali uzuri wa uzi wake kuliko mwili wa atakayeuvaa.

Inafaa basi kipande cha majaribio kisitupwe, bali kifungwe pamoja na sweta, kikiambatana na maelezo mafupi: ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, isisuguliwe wala kukamuliwa kwa kusokotwa, ianikwe ikiwa imelazwa kivulini. Mpokeaji atakitumia kuijaribia sabuni yake kabla ya kuiosha nguo yenyewe, na siku sweta itakapotoboka, atakuwa na uzi wa kuitililia.