Sega la Gari: Mjumbe Hauawi

Barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni huvuka Mto Pangani, huiacha milima ya Usambara nyuma yake, kisha huingia katika nchi ya nyasi na vichaka ambayo wakati wa kiangazi hukauka kabisa. Siku moja ya kiangazi nilikuwa nikisafiri katika njia hiyo kwa gari dogo la shemeji yangu, ambalo yeye hulitumia kubebea abiria na kulishia watoto wake. Tulipokuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya safari, sakafu iliyo chini ya miguu yetu ilipata moto, na harufu kama ya yai viza ikajaa garini. Shemeji akaegesha kando ya barabara, juu ya nyasi kavu. Haikupita muda moshi ukaanza kupanda, wala haukutoka katika injini bali katika nyasi zenyewe. Abiria wakasaidia kulisukuma gari hadi kwenye lami, nasi tukauzima moto kwa mchanga na kwa maji yetu ya kunywa. Nilipochungulia chini ya gari niliona chombo kimoja cha bomba la moshi kimeiva chekundu kama kaa.

Kesho yake tulikwenda kwa fundi mmoja. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Mzee, dawa yake ni moja. Tunalikata sega, tunaunga bomba tupu, na sega lenyewe lina mnunuzi.” Shemeji akanitazama. Mimi ndiye niliyepelekwa ng’ambo kusomea mambo haya hata nikapata shahada ya uzamivu, kwa hiyo alitazamia nikubali ili siku ile ile arudi barabarani. Sikukubali. Makala haya ni maelezo ya kwa nini sikukubali, maana swali la shemeji yangu ni swali la maelfu ya wenye magari nchini.

Kwanza tufahamu sega ni nini. Mafundi wetu wamelipa jina zuri, kwa kuwa ukikipasua chombo hicho utakuta ndani yake kipande cha kauri chenye matundu membamba yaliyopangana kama sega la asali. Mfuga nyuki yeyote wa Handeni angelitambua umbo lake. Kuta za matundu hayo zimepakwa tabaka jembamba la madini ya thamani, yaani platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi ya madini hayo ni kuharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kuliwa na mabadiliko hayo. Moshi wa injini hubeba sumu za namna tatu: kaboni monoksaidi, mabaki ya petroli isiyoungua, na oksaidi za nitrojeni. Zikipita katika sega lenye afya, sehemu kubwa ya sumu hizo hugeuka kuwa kaboni daioksaidi, mvuke wa maji na nitrojeni ya kawaida.

Si jambo dogo hilo. Kaboni monoksaidi hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta kwa wingi hukosa hewa hali anapumua, tena gesi yenyewe haina rangi wala harufu ya kumwonya.

Sasa, kwa nini sega liive kama kaa? Sega haliwezi kufanya kazi likiwa baridi. Huanza kazi yake kwenye joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Sentigredi, na injini ikiwa nzima hukaa kwenye nyuzi 400 hadi 800. Lakini sega halifanyi kazi peke yake. Mbele yake hukaa kihisi cha oksijeni, ambacho mafundi hukiita sensa. Kihisi hicho hupima moshi na kuiarifu kompyuta ya injini, nayo hurekebisha petroli ili kila kilo moja ipate hewa ya kilo 14.7 hivi. Kihisi kisipokuwapo, kompyuta huwa kama kipofu, na mara nyingi humimina petroli kupita kiasi. Tena plagi moja ikikosa kuwasha, petroli yote ya silinda ile hutoka mbichi, pamoja na hewa yake, ikaenda kuungua ndani ya sega. Hapo ndipo joto hupita nyuzi 1,000, tabaka la madini likaharibika. Na joto likiendelea kupanda, kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Nyasi kavu hushika moto kwenye joto lililo chini sana ya hilo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari la shemeji. Injini yake ilikuwa imebadilishwa miaka miwili kabla, ikafungwa nyingine kuukuu. Waya za kihisi zilikatwa zikaachwa zinaning’inia. Taa ya onyo ilipowaka kwenye dashibodi, balbu yake ikang’olewa ili isisumbue. Juu ya hayo, koili moja ilikuwa imechoka. Katika mlolongo wote huo, sega ndilo pekee lililobaki likisema kweli. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nasi tulikuwa tukishauriwa kumkata mjumbe na kumwuza.

Sipendi kuwadharau mafundi wetu, kwa maana desturi hii haikuzuka bila sababu. Marekani ilianza kufunga masega kwa wingi katika magari ya mwaka 1975, nayo ikalazimika kuuza petroli isiyo na risasi, kwa kuwa risasi hufunika madini ya sega na kuliua. Sisi huku tuliendelea kutumia petroli yenye risasi kwa miaka mingi baadaye, hata Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Katika miaka ile gari lililoletwa na sega lake lilikuwa limeletewa chombo cha kufa, na fundi aliyeling’oa hakuwa na kosa kubwa. Lakini sababu hiyo imekwisha kufa, na desturi imebaki. Jambo jipya lililoongezeka ni bei ya madini yale, ambayo imelifanya sega liwe bidhaa ya kuuzwa, hata ya kuibwa.

Wako watakaosema kwamba gari lililokwisha kubadilishwa haliwezi tena kurudishwa katika hali yake, na kwamba kuliachia sega ni kuhatarisha maisha. Hoja hii ina nusu ya ukweli, wala si haki kuificha. Sega lililonyimwa kihisi na kulishwa petroli mbichi ni hatari kweli, hasa katika nchi ya nyasi kama Handeni. Lakini kinacholisha moto ule ni petroli ambayo mwenye gari ameilipia na haikumsogeza hata hatua moja. Ukilikata sega, petroli ile itaendelea kupotea, nayo itatoka ikiwa sumu mahali pa kutoka ikiwa joto. Ugonjwa utakuwa umehamishwa kutoka chini ya gari kwenda katika mapafu ya mama lishe wa stendi ya Korogwe, ambaye hana gari wala hakuulizwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Anayebadilisha injini na aihamishe pamoja na kihisi chake, waya zake na kinga yake ya joto, kwa kuwa hivyo vyote ni kiungo kimoja. Gari likikosa kuwasha silinda moja, lisimamishwe na kutengenezwa kabla ya safari. Na dereva yeyote asiegeshe juu ya nyasi kavu gari lililotoka mwendo mrefu. Vyuo vya ufundi stadi viwafundishe vijana kusoma moshi kwa vipimo, badala ya kuukisia kwa pua. Serikali nayo inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Lakini kanuni haipimi moshi, kipimo ndicho kipimacho. Kila wilaya na ipate kipima moshi kimoja na mtu aliyefunzwa kukitumia, kisha biashara ya masega idaiwe kuonyesha kila sega limetoka katika gari gani.

Sitaficha kwamba uamuzi wetu ulikuwa na gharama. Koili, plagi na kihisi vilimla shemeji mapato ya siku nyingi, hali kuliuza sega kungempa fedha palepale. Kwa muda hakuwa na maneno mengi nami. Baadaye aliniarifu kwamba gari halinuki tena, na kwamba petroli ya kwenda Handeni sasa inambakizia ya kuanzia safari ya kurudi. Balbu ya taa ya onyo ameirudisha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.