Shura: Ushauri au Uamuzi?

Aghalabu mjadala kuhusu utawala wa Kiislamu unapozuka katika kumbi za vyuo vyetu, wasemaji huzozana kana kwamba wanapima vitu viwili vilivyokwisha kukamilika: demokrasia ya Magharibi na shura. Watetezi wa shura hushikilia kuwa msingi wake umo katika Kurani, ambamo sura ya 42 imepewa jina hilo, na kwamba Waislamu hawana haja ya kuazima Bunge la Westminster. Hoja hiyo ina uzito. Lakini neno lenyewe halituelezi ni nani anayelazimika kumsikiliza mwenziwe.

Kiswahili kinautambua utata huo. Kutokana na mzizi uleule wa Kiarabu tumepata shauri, ushauri na mshauri. Anayepewa shauri ana hiari ya kulifuata au kulitupa. Na tunapomwambia mtu "shauri yako" (wenye kuchunga ngeli watasema "shauri lako"), maana yake ni kwamba uamuzi ni wake peke yake, na balaa lake pia. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamegawanyika papo hapo. Wako wanaosema kuwa shura humfunga mtawala, na wako wanaosema kuwa humwelimisha tu.

Mwaka 644, Khalifa Umar alipokuwa mahututi baada ya kuchomwa kisu, aliwateua watu sita wamchague mrithi miongoni mwao, nao wakamchagua Uthman. Hapo shura iliamua. Muawiya, aliyeushika ukhalifa mwaka 661, alimrithisha mwanawe Yazid, na kwa karne nyingi nasaba ikaitangulia shura. Hakuna mkoloni wa kulaumiwa kwa hilo.

Katika zama zetu, Mfalme Fahd wa Saudia alitangaza Baraza la Shura mwaka 1992. Wajumbe wake 60 wa mwanzo waliteuliwa na mfalme, na hata walipofika 150 uteuzi ulibaki kuwa wake. Oman, ambako ndugu zetu wengi wanazungumza Kiswahili, mambo yalikwenda hatua zaidi. Sultan Qaboos aliliunda baraza kama hilo mwaka 1991, na mwaka 2003 haki ya kupiga kura ikapanuliwa kwa raia waliotimiza miaka 21. Hata hivyo, baraza lilipewa madaraka ya kutunga sheria mwaka 2011 tu, baada ya maandamano ya Sohar na miji mingine. Madaraka hayo hayakuletwa na tafsiri mpya ya maandiko, yalitoka barabarani.

Iran nayo ilijaribu kuchanganya. Chini ya katiba ya 1979 wabunge walichaguliwa na wananchi, lakini Baraza la Walinzi lenye watu 12, sita kati yao mafakihi walioteuliwa na Kiongozi Mkuu, likapewa uwezo wa kuzuia miswada na wagombea. Mwaka 2004 liliwazuia zaidi ya wabunge 80 waliokuwa madarakani wasigombee tena. Mwananchi alikuwa na kura, ila orodha haikuwa yake.

Basi mwanafunzi anayelinganisha mifumo hii asianze na majina. Aulize: baraza likisema la, nini hufuata? Awaulize Riyadh, kisha atuulize na sisi. Mwaka 1982, ni Bunge letu wenyewe, lenye joho na siwa za Westminster, lililopitisha kifungu cha kuifanya KANU chama pekee nchini.