Kompyuta Moja, Askari Wanne

Askari atokaye zamu katika vituo vya mwambao wa Tanganyika, kuanzia Bugarama hadi Rumonge, hupenda mchezo. Bao moja huwatosha wawili. Je, kompyuta moja yaweza kuwatosha wanne? Yaweza, nasi twawaomba makamanda wasilipuuze jambo hili.

Njia yenyewe ni kuigawa mashine kwa programu, ndani yake zikapatikana kompyuta pepe, yaani zisizo na umbo, zilizounganishwa kwa mtandao wa humo humo. Wazo si geni: kampuni ya IBM iliitangaza VM/370 mwaka 1972. Kila mchezaji hupewa kiwambo, kibodi na fungu lake la kumbukumbu. Mwenye gigabaiti 16 akiwapa wenzake watatu nne nne, naye hubakiwa na nne. Ugumu uko kwenye kadi ya michoro, isiyogawanyika kwa urahisi. Basi na ichaguliwe michezo ya zamani. Doom ya mwaka 1993 iliridhika na megabaiti 4, na iliwaruhusu wachezaji wanne.

Wako watakaosema huu ni utoto. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani, Marines, waliigeuza Doom hiyo hiyo mwaka 1996 kuzoeza vikundi vya askari wanne wanne kushirikiana vitani.

Sharti letu ni moja tu: isiwe kompyuta itunzayo majalada ya kituo. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyoitwa VENOM, iliyoweza kumpenyeza mtu kutoka kompyuta pepe hadi mashine mama. Kompyuta ya majalada na ibaki chini ya kufuli.