Simu ya mfanyabiashara ipekuliwe kwa kibali cha hakimu

Muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, leo daftari lake ni simu. Mteja wa Mbeya anaagiza kwa WhatsApp, analipa kwa lipa namba, na madeni yote yamo kwenye ujumbe. Matapeli wanalijua hilo: wanatuma ujumbe bandia wa muamala, mzigo unatoka kabla salio halijasoma. Ndiyo maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, ilihitajika na bado inahitajika. Kasoro yake ni kwamba kifungu cha 31 kinamwezesha mkuu wa kituo cha polisi kuamuru upekuzi na kuchukua kifaa, na cha 32 kinamwezesha kudai taarifa za mtu. Anayechunguza ndiye anayejipa kibali. Tulikofikishwa na utaratibu huo tulikuona katika Mahakama ya Kisutu, mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwataja watumiaji wa mtandao wake. Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, faini Sh3 milioni au jela mwaka mmoja. Hakimu aliingia mwishoni, kumhukumu aliyekataa, badala ya kuingia mwanzoni kupima kama madai ya polisi yalikuwa na msingi.

Wapo wanaosema tapeli hamsubiri hakimu, pesa ikishatolewa kwa wakala imekwenda. Ni kweli, na haraka hiyo naiunga mkono. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu polisi kuamuru data zihifadhiwe zisifutwe. Basi zihifadhiwe usiku huohuo, zifunguliwe hakimu akisharidhika. Wengine huuliza, asiye na hatia anaogopa nini? Simu ya dukani ina siri za watu wengi: nani anadaiwa, nani amenunua nini, nani ametumiwa pesa na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Haiingii akilini zifunguliwe kwa saini ya kituoni tu. Bunge lirekebishe vifungu hivyo viwili, na Mahakama iweke mahakimu wa zamu, usiku na sikukuu, ili mpelelezi wa kituo cha polisi cha Msimbazi apate jibu ndani ya saa chache.