Fuata Nyuki Ule Asali



Vijana wawili katika wanafunzi wangu wa zamani walinijia mwezi uliopita, wakanambia wametia nia ya kufuga nyuki, na wakaniuliza waanze kwa kununua chombo gani. Nimeona jawabu nililowapa niliandike hapa, maana nyumba nyingi zina shamba lenye miembe au mikorosho, na khasara niliyoipata mimi sipendi mwengine aipate.

Zamani nilikuwa na mzinga mmoja wa gogo, nimeutundika mwembeni. Usiku mmoja nilipanda na mwenge wa makuti, nikawachoma nyuki wa mlangoni, nikakata masega yote, ya asali na ya majana, yaani watoto wa nyuki. Nilipata asali nusu debe, nyeusi, imejaa majivu, na haikukaa ila ikachacha. Nyuki waliosalia walihama, na mzinga ukawa mtupu msimu mzima. Jirani waliniambia kuwa nyuki wana mkosi. Sivyo, mimi ndimi niliyewafukuza. Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama, na aliyenyang'anywa chakula na watoto atakaa kwa lipi? Methali yetu yasema tuwafuate nyuki, haikusema tuwateketeze.

Basi chombo cha kwanza ni mzinga unaofunguka pasi na kuharibu. Mzinga wa gome la mti usiutumie, kwani mti uliochunwa gome pande zote hufa. Lililo jepesi kwa anayeanza ni sanduku la mbao lenye viunzi juu yake, namna iliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1970. Kiunzi ni ubao mwembamba, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kimoja. Upana wa kiunzi uwe milimita 32, wala seremala asikadirie kwa jicho. Ukizidi, nyuki hupindisha masega na kuyaunganisha, na ukiinua kimoja utavunja viwili. Chini ya kila kiunzi, katikati, paka mstari wa nta, ili nyuki wajue pa kuanzia.

Uko pia mzinga wa fremu, uliotokana na kazi ya Langstroth wa Marekani, ambaye mwaka 1851 alitambua kuwa nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi nyuki huiacha wazi, hawaizibi. Ni mzinga mzuri, lakini wataka gharama na useremala wa hakika. Uzoee kwanza wa viunzi.

Chombo cha pili ni bomba la moshi. Tia ndani yake magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Usitie plastiki wala kitambaa chenye mafuta ya taa. Moshi uwe wa baridi na kidogo. Kazi yake ni kuwatuliza nyuki, si kuwaunguza.

Tatu ni mavazi: nguo nyeupe pana zisizobana, kofia yenye wavu, glovu na mabuti. Nyuki huchukia nguo nyeusi, na harufu ya manukato huwachafua. Ongeza kisu, brashi laini na ndoo safi yenye kifuniko.

Mzinga uweke mbali na nyumba, njia na skuli, hatua 300 au zaidi, penye kivuli na maji karibu. Utundike kwa waya zilizopakwa grisi, ili siafu na nyegere wasiufikie.

Kuvuna ni magharibi, jua likizama. Anza upande ulio mbali na mlango, inua kiunzi kimoja kimoja, ukate sega lililofunikwa nta pande zote. Lisilofunikwa lingali na maji mengi, na asali yake huchacha. Majana usiyaguse, na masega machache ya asali waachie wenyewe. Mwenye kuacha leo atavuna tena.

Ukiumwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha, maana harufu yake huwaita wenziwe. Akivimba mtu uso au akibanwa na pumzi, apelekwe hospitali upesi, msingoje dawa za nyumbani.

Na nyinyi kina mama, nina neno moja. Qur'ani imetaja asali kuwa ni ponyo kwa watu, na Sura ya 16 ina jina la nyuki. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda, vikamletea maradhi ya kupooza. Akishatimiza mwaka, na ale.

Wale vijana wawili niliwaambia wasinunue mizinga kumi. Waanze na miwili, wamtafute mfugaji mzoefu wa kusimama nao siku ya kwanza, na msimu huo wajifunze zaidi kuliko watakavyovuna. Mimi niliyataka yote kwa usiku mmoja, nikabaki na gogo tupu.