Muchezo wa bure, deni ya kweli: almasi za telefone zinakula feza ya shimo

Muchimbaji wa Nyangwe, wa Kasongo ao wa Kabambare hana lazima ya kufundishwa maana ya neno « bure ». Analijua kutoka shimoni. Négociant anafika na unga, mafuta, nyundo na pelle, anasema: « Chukua kwanza, tutaongea kisha. » Siku ile hakuna mutu anataja bei. Bei inakuja nyuma, wakati zahabu imetoka na wewe huna tena ruhusa ya kuiuzisha kwa mwingine. Hapo ndipo unaona kama ile haikuwa zawadi, ilikuwa avansi.

Leo avansi ya namna ile imeingia ndani ya telefone, na wenye kuipokea ni watoto na vijana wetu. Inaitwa muchezo wa bure.

Michezo yenyewe inajulikana. Kuko Free Fire ya kampuni Garena ya Singapore, iliyotoka mwaka 2017. Kuko PUBG Mobile, iliyotoka 2018. Kuko mupira wa Konami ya Japani, ambao zamani ulikuwa unalipiwa, na tangu mwaka 2021 umekuwa wa bure kwa jina la eFootball. Free Fire ilipendwa sana katika inchi maskini juu inakubali kutembea kwenye telefone ndogo, za memwari kidogo, sawa zile zinazofika kwenye soko zetu. Kuipakua hulipi kitu, isipokuwa mega.

Tuseme kweli: bure hii si bongo yote. Kuko michezo ya kompyuta yenye inauzishwa dola 60 na zaidi. Kijana wa kwetu angeishika lini? Wachezaji wengi wa michezo ya bure hawalipi hata franka moja, na furaha wanaipata. Lakini kampuni inalipa wafanyakazi, inalipa mashine, na inataka faida. Feza ile inatoka kwa sehemu ndogo ya wachezaji, wale wenye kulipa, na kati yao wachache wanalipa sana. Kwa hiyo muchezo wote umejengwa kwa kazi moja: kutafuta ni nani kati ya wengi atachoka kungoja, atasikia haya mbele ya wenzake, atafungua mufuko.

Haya ndiyo inaanza kwanza. Mutoto anaingia na nguo ya bure, wenzake wana nguo za kungaa na silaha zenye rangi. Wanamucheka. Kisha inakuja tarehe: kitu hiki kitauzishwa siku tatu tu, kisha kitapotea. Kwenye michezo mingine inakuja kungoja: ukilipa unaendelea sasa, usipolipa unangoja masaa. Hakuna mutu anamulazimisha. Lakini hata négociant hakukulazimisha kuchukua unga. Ulichukua juu ulikuwa na njaa.

Jambo la pili ni bei yenyewe, na hapa ndipo malalamiko mengi yanatoka. Ndani ya muchezo hakuna franka, hakuna dola. Kuko almasi, kuko sarafu, kuko UC. Kwa Free Fire, almasi 100 zinakwenda karibu dola moja. Mutoto akinunua nguo, haoni dola, anaona almasi. Feza imebadilishwa jina mbele ya kutumiwa, na mutu anaitosha mbio kuliko angetosha noti mukononi.

Tena paketi hazipatani na bei za vitu. Tufanye mufano: kitu kinaomba almasi 150, na wewe unanunua kwa paketi ya 100. Utanunua paketi mbili. Zinabaki almasi 50 zenye haziwezi kununua kitu cha maana na haziwezi kurudi kuwa feza. Zinakaa pale zinakuita uongeze kidogo. Muchimbaji mwenye alishapimiwa zahabu kwa njiti za kibiriti na sarafu za zamani anaelewa mara moja. Mwenye kushika mizani ndiye anashika bei.

Jambo la tatu ni bahati. Vitu vizuri mara nyingi haviuzishwi wazi. Unalipa ili kuzungusha gurudumu ao kufungua sanduku, na unaweza kupata kitu cha bure tu. Tufanye tena hesabu. Ikiwa nafasi ni 1 katika 100, mutoto anawaza: nikizungusha mara 100, nitapata. Hapana. Kati ya wachezaji 100 wenye kuzungusha mara 100 kila mutu, karibu 37 watarudi mikono mitupu. Utaniambia kama hata shimo ni bahati. Ndiyo, lakini ndani ya shimo Mungu aliweka zahabu ao hakuiweka. Hakuna mutu anaisogeza usiku. Ndani ya muchezo, kampuni ndiyo inaamua sanduku ngapi zitakuwa na kitu.

Na kitu chenyewe ulichonunua, si mali yako. Apex Legends Mobile ya kampuni EA ya Marekani ilitoka mwezi wa tano 2022. Tarehe 1 mwezi wa tano 2023 ikafungwa, na EA ilisema kama haitarudisha feza ya vitu vilivyonunuliwa. Nguo, silaha, vyote vilikwenda na muchezo. Beche ikivunjika, inabakia chuma. Hapa hakibakii kitu.

Sasa, kwa familia ya muchimbaji, mambo haya yana uzito wa pekee. Baba yuko kwenye chantier, siku nyingi mbali na nyumba. Feza inarudi nyumbani kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mama anaipokea, na mara nyingi mutoto mukubwa ndiye anajua kusoma ujumbe na kufinya vidole. Anajua na code. Telefone yenye inabeba minerval ndiyo ile ile yenye inabeba muchezo. Dola moja leo, dola mbili kesho. Hakuna wizi mukubwa wenye unaonekana. Kisha mwisho wa mwezi hesabu haipatani: baba anasema nilituma, mama anasema haikufika yote, na watu wazima wawili wanaanza kushukiana juu ya kitu chenye hawajui hata jina.

Kuko tena mutu wa kati. Wengi wetu hatuna karte ya banki. Kijana mwenye anataka almasi anatafuta kamishonere, anamutumia feza kwa telefone, anamupa nambari ya konti yake ya muchezo, anangoja. Yule anaongeza faida yake. Akipotea na feza, utamushitaki wapi? Kampuni ya muchezo itasema haikupokea kitu. Kampuni ya simu itasema wewe mwenyewe ulituma na code yako.

Inchi zingine hazikusema kama ni mambo ya watoto. China, tangu 2017, inaomba kampuni zitangaze nafasi ya kila sanduku. Ubelgiji, mwezi wa ine 2018, tume yake ya michezo ya bahati ilisema masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa yanavunja sheria. EA ikaacha kuuzisha FIFA Points kule mwanzoni mwa 2019. Marekani, mwezi wa kumi na mbili 2022, ofisi ya kulinda wanunuzi FTC ilikubaliana na Epic Games, wenye Fortnite, walipe dola milioni 245 za kurudishiwa wachezaji, juu vifungo vya muchezo vilikuwa vinawafanya watu walipe bila kutaka, na watoto walinunua bila ruhusa ya wazazi. Na mwezi wa tatu 2025, wakubwa wa kulinda wanunuzi katika Ulaya walitoa kanuni: bei ya kitu ionekane kwa feza ya kweli, na muchezaji asilazimishwe kununua paketi yenye kupita haja yake.

Kanuni ile ya mwisho ndiyo inatugusa zaidi. Nyangwe iko na historia yake ya soko. Livingstone alipofika mwaka 1871 aliona wamama wanavuka Lualaba na mitumbwi kuleta samaki, chumvi, kuku na vyungu. Soko ile ilimwagika damu tarehe 15 mwezi wa saba mwaka ule ule, na hatusahau. Lakini kazi ya soko ilikuwa wazi: kitu kiko chini mbele yako, bei inatajwa, unabishana, unakubali ao unakwenda. Tunachoomba ndani ya telefone ni hicho tu.

Kongo iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na inagusa biashara ya njia ya elektroniki. Serkali inaweza kuanzia pale na kuomba vitu viwili: bei kwa franka ao dola pembeni ya kila almasi, na nafasi ya kila sanduku. Kampuni za simu, zenye kukamata sehemu yao kila feza inapotembea, zinaweza kuwapa wazazi njia ya kufunga malipo ya michezo.

Tusingoje wao peke yao. Mama, badilisha code leo, na usiiseme mbele ya watoto. Baba, ukituma feza, taja hesabu kwa sauti na uombe ujumbe wa telefone usifutwe mbele ya mwisho wa mwezi. Na kijana mwenye anajichimbia feza yake mwenyewe, hatukukatazi kucheza. Mbele ya kununua, fanya tu hesabu moja: hii almasi ni dola ngapi, na dola ile ni siku ngapi za shimo? Ukiona bado inafaa, nunua. Ile siku utakuwa umeona bei kwa macho yako.